Wapolandi wa Tengeru Hawakuwa Walowezi

Makaburi ya Wapolandi huko Tengeru, chini ya Mlima Meru, yamewahi kuandikwa kuwa masalia ya walowezi. Hoja hiyo haina mashiko. Walowezi walifuata ardhi. Hawa walifukuzwa kwao. Kuanzia 1940 utawala wa Kisovieti uliwahamishia Siberia na Kazakhstan kwa nguvu. Walitoka kupitia Uajemi, wakafika Tengeru kuanzia 1942, wengi wakiwa wanawake na watoto. Takriban 5,000 waliishi katika nyumba za duara zilizoezekwa nyasi. Wenzao wa Nyabyeya, Masindi, nchini Uganda, walijenga kanisa la matofali la Bikira Maria Malkia wa Poland, lenye nembo ya tai. Wajenzi waliondoka, Waganda wanasali humo hadi leo.