Wema kwa Nguva

Wahenga walisema, "Tenda wema nenda zako." Ni neno jema, maana lamkataza mtu kungoja shukrani. Lakini wako walielewao vibaya, wakauacha wema wao nusu ya njia. Habari za nguva wa Florida, katika nchi ya Marekani, zaonyesha kosa hilo.

Nguva huyu ni jamaa ya nguva wa pwani ya Afrika Mashariki, ila mkia wake ni wa mviringo kama kafi. Ni mnyama mpole, mwenye uzito wa kilo 450 hivi, na chakula chake ni majani ya majini. Baridi ni adui yake: maji yakipoa chini ya digrii 20 huugua, hata kufa. Kwa hiyo wakati wa baridi hukimbilia maji ya vuguvugu, kama chemchemi ya Blue Spring. Mtoto hujifunza njia hiyo kwa kumfuata mama yake, hata kwa muda wa miaka miwili.

Nguva wengi hugongwa na mashua za injini. Watu huwaokoa majeruhi, wagonjwa na yatima, wakawatibu katika mabirika makubwa. Wakipata nguvu, hurudishwa majini. Baadhi yao hufungwa mshipi kwenye shina la mkia. Nao una kamba yenye chombo kieleacho, kipelekacho habari kwa setilaiti, ili watunzaji wajue mnyama alipo.

Mtu aweza kuuliza, "Ikiwa ameachwa huru, mbona amefungwa? Huo ni uhuru gani?" Swali hilo ni la haki. Lakini na amfikiri yatima aliyelelewa birikani. Chakula aliletewa, na njia ya chemchemi hakuonyeshwa. Baridi ikija, atakwenda wapi? Asiye na mshipi aweza kufa asijulikane. Mwenye mshipi, akionekana kudhoofu, huokolewa tena. Wala mshipi si mnyororo, maana umetengenezwa ukatike ukinaswa na kitu, usije ukamzamisha. Ni kama jicho la mzazi limfuatalo mtoto katika safari yake ya kwanza.

Hata hivyo mshipi peke yake hautoshi. Katika mwaka 2021 walikufa Florida nguva zaidi ya 1,000, na wengi wao walikufa kwa njaa. Uchafu kutoka nchi kavu uliingia majini, maji yakawa mazito, mwanga wa jua usifike chini, na majani yakafa. Nguva aliyeponywa akirudishwa penye njaa, amepata faida gani? Amponyaye mnyama hana budi kuyaponya na maji yake.

Basi, tenda wema, wala usingoje shukrani. Lakini kabla hujaenda zako, ngoja kwanza uone kama wema wako umesimama.