Binti wa Isiolo na Kazi ya Ualimu



Mama mmoja wa Isiolo ameniletea suala. Binti yake amemaliza kidato cha nne kwa alama ya C, naye ataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Babake amekubali kwa sharti moja: asomeshe Dini ya Kiislamu tu.

Sharti hilo, kwa heshima zake, halitimiliki. Mwalimu wa msingi hachagui somo moja. Gredi ya 1 hadi ya 3 masomo ni saba: Kiswahili, Kiingereza, lugha ya mama, Hisabati, Mazingira, Sanaa na Dini. Kuanzia gredi ya 4 huingia Sayansi na Teknolojia, Kilimo na Maarifa ya Jamii. Chuoni hufunzwa kwa miaka mitatu, kwani tangu 2021 stashahada imechukua mahali pa ile hati ya P1 ya miaka miwili tuliyoizoea.

Namwomba baba alitazame hilo la lugha ya mama. Mtoto wa Merti au Garba Tulla huingia darasani na Kiborana chake, na mtaala wenyewe wataka miaka ya mwanzo afundishwe kwa lugha ya kwao. Mwalimu aliyetoka mbali atamfundishaje? Na wageni hao wengi wameihama kaskazini, baada ya mauaji ya abiria wa basi la Mandera, Novemba 2014, walimu wakiwamo, na ya walimu watatu huko Kamuthe, Garissa, Januari 2020. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini nafasi zao atazijaza nani, ikiwa sisi twawazuia binti zetu?

Hesabu nayo haikuharamishwa kwa mwanamke! Bi Shifaa binti Abdillahi alimfundisha Bibi Hafsa kuandika, na Mtume (s.a.w.) aliridhia.

Hofu ya bweni naielewa. Chuo cha ualimu cha Meru ki jirani, na Garissa kipo kingine. Baba aende mwenyewe, atazame mabweni ya wasichana na mahali pa kuswalia, kabla ya kulipa karo. Ajue pia kwamba baada ya stashahada kuna kusajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, kisha kungoja, na wengi huanza kama wanagenzi kwa posho ndogo. Katika kungoja huko ndiko mabinti wengi huozwa, hati ikabaki sandukuni. Basi akija mposaji, jambo la kazi lizungumzwe mbele ya walii, waziwazi, kabla ya akdi.