Kisahani cha dola milioni 10 na gunia la Namatala lisilo na jina

Februari 2021, kampuni ya Discraft ya jimbo la Michigan, Marekani, ilitangaza mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 10 na mchezaji mmoja wa miaka 30 kutoka California, Paul McBeth. Kwa viwango vya wakati ule, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 36 za Uganda. Kazi ya McBeth ni kurusha visahani vya plastiki.

Mfanyabiashara anayepakia mchele Namatala, mjini Mbale, kuupeleka Malaba au Busia, ana kila sababu ya kucheka. Akishamaliza kucheka, ajiulize kampuni hiyo ilikuwa inanunua nini hasa. Jibu linamhusu.

Mchezo huo ni gofu ya visahani. Aliyewahi kupita kwenye uwanja wa gofu wa Jinja, kando ya Mto Nile, ataelewa haraka. Badala ya fimbo na mpira, mchezaji hurusha kisahani. Badala ya shimo, kuna kikapu chenye minyororo kilichowekwa juu ya nguzo. Anayefika kwa mitupo michache ndiye mshindi. Viwanja vingi viko kwenye bustani za umma, na mtu anaweza kuanza na kisahani kimoja tu. Ni mchezo wa watu wa kawaida, na zawadi zake ni ndogo mno ukizilinganisha na za gofu ya mpira.

McBeth alitwaa ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 2012 hadi 2015, kisha tena 2019. Mwaka huo wa 2019 alikuwa ameiacha kampuni ya Innova na kuhamia Discraft kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 1. Ilichukua takriban miaka miwili tu kabla Discraft hawajarudi mezani na kuuongeza mara kumi. Katikati yake kulikuwa na janga la Korona: watu walikimbilia michezo ya nje, visahani vikaadimika madukani, na vile vyenye jina la McBeth vikawa miongoni mwa vilivyotafutwa sana. Kampuni haikulipia mkono wake peke yake. Ililipia jina linalouza bidhaa.

Tofauti hiyo ilionekana wazi miezi michache baadaye, mjini Ogden, jimbo la Utah. McBeth alikuwa anaongoza kwenye kikapu cha mwisho cha mashindano ya dunia. Mpinzani wake, James Conrad, akarusha kisahani kutoka umbali wa takriban mita 75 na kikaingia moja kwa moja. Wakaenda mchezo wa ziada, Conrad akatwaa taji. McBeth aliondoka bila ubingwa, lakini mkataba wake ulikuwa umeshasainiwa. Mwaka uliofuata alirudi na kushinda taji la sita.

Anayeishi kwa zawadi anaanza upya kila siku ya mashindano. Mwenye jina lililofungwa kwa mkataba hushindwa leo, na kesho mlo upo.

Wanamichezo wa mashariki mwa Uganda wanaijua hesabu hii. Joshua Cheptegei wa Kapchorwa, mwendo mfupi kutoka Mbale, alishinda dhahabu ya mita 10,000 Paris mwaka 2024, michezo ya kwanza ambayo shirikisho la riadha duniani lilimlipa kila mshindi wa dhahabu dola 50,000. Ni fedha nzuri, lakini hulipwa mara moja, na miguu ina umri wake. Viatu anavyovaa vinatengenezwa mbali, na faida kubwa ya mauzo yake inabaki huko huko.

Sasa turudi kwenye gunia. Mchele wa Namatala huvuka mpaka ukiwa kwenye magunia yasiyo na jina, au yenye jina la mtu mwingine. Mnunuzi wa Bungoma akiupenda, hana jina la kuagiza tena. Muuzaji anashindana kwa bei peke yake, kila safari, kama mchezaji asiye na mkataba. Mvua ikiharibu barabara au bei ikishuka upande wa pili, hana kinachomrudishia mteja.

Wachache walioanza kuchapisha majina kwenye mifuko ya mchele, unga au kahawa wanakutana na ukuta mwingine. Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unamsaidia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kuvusha bidhaa zinazotambuliwa kuwa za Jumuiya bila ushuru wa forodha. Unavusha mzigo, jina halivuki. Alama ya biashara iliyosajiliwa URSB mjini Kampala haina ulinzi Kenya mpaka isajiliwe pia KIPI, wala Tanzania Bara mpaka ipitie BRELA. Jumuiya ina nchi nane, lakini haina daftari moja la majina ya biashara. Kampuni kubwa inamudu wakili katika kila nchi. Mama mwenye magunia ishirini hamudu.

Hapo ndipo mjadala wa utangamano unapaswa kuwagusa wafanyabiashara wadogo. Vikao vingi vinajadili ushuru na vizuizi vya barabarani, na ni sawa. Lakini soko la pamoja ambamo jina zuri linaweza kuibwa kilomita moja baada ya mpaka litaendelea kumlipa mwenye bei ya chini, si mwenye bidhaa bora.

Hadi sheria ya pamoja ipatikane, kuna la kufanya. Wauzaji wa Namatala wanaweza kuungana katika ushirika, wachague jina moja, wakubaliane juu ya ubora, kisha wachangie gharama ya kulisajili kwanza nchini mwao na katika ile nchi moja wanakouza zaidi. Na wafanye hivyo kabla jina halijavuma, kwa sababu likishavuma, anaweza kutokea mwingine wa kulisajili upande wa pili.