Waliochora Lindi Hawakuandika Programu

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka, hukumu hupitishwa mlangoni pa nyumba. "Huyu hesabu zilimshinda. Kompyuta si yake." Mzazi amesema, jirani ameitikia, na msichana ambaye miaka miwili amewajazia watu wa ploti nzima fomu za huduma za serikali kwenye eCitizen anatafutiwa mahali pa kusomea ususi. Sina ubaya na ususi. Nina ugomvi na imani iliyomhukumu: kwamba kazi ya kompyuta ni moja tu, kuandika programu, na mlango wake ni mmoja, digrii.

Imani hiyo ni ya uongo, na ushahidi uko papa hapa Lindi, kijiji kimoja cha Kibera, Nairobi.

Hadi mwaka 2009, Kibera ilikuwa doa tupu kwenye ramani za mtandaoni. Mwaka huo vijana 13 wa Kibera walianza kutembea na vifaa vya GPS mkononi, katika mradi wa Map Kibera ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron. Walipita kijiji baada ya kijiji wakitia alama penye bomba la maji, choo, zahanati, shule, msikiti, kanisa, kisha wakaziingiza alama hizo katika OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuihariri. Hawakuhitaji lugha ya kuandikia programu. Walihitaji kujua kichochoro kipi hakipitiki mvua ikinyesha, na jina lipi wenyeji hulitumia hata kama bango linasema jingine. Mhandisi aliyekaa ng'ambo angeandika programu za ramani miaka kumi na asiyajue hayo.

Tazama pia suala la idadi yetu. Miaka mingi dunia iliambiwa Kibera ina watu milioni moja, na wapo waliopandisha hadi milioni mbili. Misaada iliombwa kwa idadi hiyo. Sensa ya 2009 ikaja na 170,070. Wengi walilalamika kwamba tumepunjwa, na ni haki yao kulalamika, lakini angalia ubishi wenyewe ulihusu nini. Mpaka wa Kibera uliwekwa wapi? Karani wa sensa alifika mlango wa ndani kabisa au aliishia wa kwanza? Mlinzi aliyekuwa zamu mtaa wa Kilimani usiku wa sensa aliandikwa wapi? Hakuna hata swali moja hapo linalojibiwa na mwandishi wa programu. Yanajibiwa na mtu aliyefunzwa kukusanya habari, kuzipanga, kuzihakiki na kuzilinda. Hiyo ni nusu nzima ya taaluma ya kompyuta, na watoto wetu hawatajiwi.

Nusu hiyo ina ajira. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayotambua wasimamizi wa rekodi na habari za afya kuwa wanataaluma wenye baraza lao, na KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, hufundisha kazi hiyo. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 imezibebesha kampuni na hospitali wajibu ambao lazima mtu auangalie kila siku. Hata nje ya data kuna kazi: mtandao wa TunapandaNET unaunganisha shule na vituo vya vijana hapa Kibera kwa mawimbi, na antena hazipandi paani zenyewe. Kuhusu alama za KCSE, C+ ni ya chuo kikuu. Vyuo vya ufundi hupokea D kwa kozi za cheti, na kimojawapo, PC Kinyanjui, kiko pale Riruta, jirani na Kawangware.

Najua jibu nitakalopewa: kazi za data ndizo zilizowaumiza vijana wa Nairobi. Ni kweli, na inaniuma. Januari 2023 jarida la Time lilifichua kuwa wafanyakazi wa jiji hili walilipwa chini ya dola 2 kwa saa wakisoma maelezo ya ukatili na ubakaji ili ChatGPT ifunzwe kuyatambua. Lakini walichonyimwa wale ni haki ya mfanyakazi, na kujua kuandika programu kusingewapa haki hiyo. Walioielewa hali hiyo ni zaidi ya wafanyakazi 150 wa majukwaa ya mtandaoni waliokutana Nairobi Mei 1, 2023 wakapiga kura kuunda chama chao. Kazi ya aina hiyo ni ya kuuliziwa mkataba kabla ya kuingia, wala si sababu ya kumfungia mtoto taaluma nzima.

Mama, kabla hujalipa karo ya ususi, mpeleke msichana wako zahanati iliyo karibu. Mwombe anayetunza rekodi amwonyeshe jinsi faili ya mgonjwa inavyofunguliwa kwenye kompyuta, na jinsi ripoti ya mwezi inavyojumlishwa. Kisha mwulize msichana mwenyewe kama kazi hiyo ingemshinda.