Wavu Usitupwe

Msomaji, ukisimama Mambrui wakati wa masika na kutazama kusini, ambako Mto Sabaki humwaga maji yake baharini, utaona bahari imegeuka nyekundu kama udongo. Ndani ya maji hayo mna wanyama wadogo wasiohesabika, wachukuliwao na mikondo: makopepodi, mabuu ya kaa na kamba, na watoto wa samaki. Wataalamu huwaita zooplanktoni. Dagaa hula hao, na jodari hula dagaa; basi mvuvi wa Malindi huishi kwa viumbe asiopata kuwaona.

Siku hizi wako watu wasemao kwamba wavu wa kuwakusanya wanyama hao ni chombo kilichopitwa na wakati, na kwamba yafaa tungojee kamera zizamishwazo majini. Nalipinga neno hili.

Kwanza nimpe mpinzani wangu haki yake. Wavu una makosa makubwa. Huwaponda konyeza na viumbe wengine laini, hata kinachofika juu ni ute tu. Tena, ukivutwa kutoka chini, huchanganya wakaao kilindini na wakaao karibu na jua, kama mtu amiminaye uji na mchuzi katika bakuli moja. Kamera huwaona mahali pao. Mwaka 2016 wataalamu waliotumia picha walionyesha kwamba viumbe fulani vyororo vya seli moja, ambavyo nyavu zilikuwa zikivivunja, ni vingi baharini kuliko ilivyodhaniwa. Jambo hilo wavu peke yake usingetufunulia.

Lakini kamera itaona nini mdomoni mwa Sabaki? Itaona tope. Chembe za udongo na vipande vya majani huelea pamoja na wanyama, na mara nyingi picha haipambanui. Hata katika maji safi, makopepodi wawili wa namna mbalimbali huenda wakatofautiana kwa mguu mmoja mdogo tu. Mguu huo huonekana chini ya hadubini, mnyama akigeuzwa kwa sindano. Picha haigeuzwi.

Iko pia hoja ya kumbukumbu. Katika safari kuu ya kimataifa ya kuichunguza Bahari ya Hindi, iliyokwisha mwaka 1965, meli za mataifa mbalimbali zilitumia wavu wa namna moja, wenye mdomo wa mita moja ya mraba, ukivutwa kutoka mita 200 hadi juu. Na mavuno yakapelekwa Cochin, India. Atakaye kujua leo kama bahari imebadilika hana budi kuvuta wavu kama ule. Mwenye picha tupu atalinganisha na nini?

Wanafunzi wangu wa ualimu walishona wavu kwa soksi ya nailoni, pete ya waya na chupa ndogo, wakauvuta nyuma ya ngalawa katika Hori ya Mida. Jioni ile walimwona buu wa kaa mwenye mwiba kichwani, asiyefanana na kaa hata kidogo, wakagombea hadubini kama watoto. Watuambiao tungojee kamera wanatutaka tukae vipofu mpaka fadhili ya mgeni itufikie.

Kamera na ije. Ikija, ishushwe pamoja na wavu, siku moja, nje ya mwamba wa Watamu maji yakiwa maangavu. Na mdomoni mwa Sabaki, wakati wa mvua, wavu utangulie.