Binti Amechanjwa, Mama Hajapimwa

Iko elimu inayokua kwa kasi vyuoni ambayo, kwa mtazamo wa haraka, haimhusu mama wa Kwakoa, wilayani Mwanga. Ni elimu ya protini zinazojishikiza kwenye RNA. Jeni ni maandishi ya asili yanayotunzwa ndani ya kiini cha seli. RNA ni nakala yake, inayotolewa ili protini zitengenezwe. Nakala hiyo haisafiri peke yake. Zipo protini zinazoishika, kuikata na kuiunga upya, kuilinda au kuiacha iharibike. Hizo ni makarani, na sote twajua karani anavyoweza kubadili hatima ya jalada.

Kirusi cha HPV, chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, hakitegemei makarani wake pekee. Huwatumia wa kwetu. Nakala za jeni zake mbili, E6 na E7, hukatwa na kuungwa na protini za mwanamke mwenyewe, kisha mazao yake huzidhoofisha p53 na Rb, walinzi wanaozuia seli kugawanyika ovyo. Wanawake wengi hukishinda kirusi hicho ndani ya miaka miwili. Kwa wachache hukaa, na safari ya kufikia saratani huchukua miaka 15 hadi 20, au 5 hadi 10 kwa mwenye VVU asiyetibiwa.

Miaka hiyo ndiyo hoja yangu. Ugonjwa unaotupa muda mrefu hivyo hauna sababu ya kugunduliwa damu ikiwa imeshaanza kutoka.

Mwaka 2012 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha orodha ya protini 860 za aina hii. Walizipata katika seli za HeLa, zilizochukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila ridhaa ya Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka huohuo kwa saratani ya mlango wa kizazi. Maarifa yaliyotoka katika mwili wa mwanamke maskini yana deni kwa wanawake maskini. (Sisi wahadhiri, kwa bahati mbaya, hupandishwa vyeo kwa makala, si kwa idadi ya akina mama waliopimwa.)

Serikali imefanya jambo jema kwa mabinti. Kilimanjaro ulikuwa mkoa wa majaribio ya chanjo mwaka 2014. Aprili 2018 ikaenea nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14. Napongeza bila kinyongo. Lakini chanjo hiyo haimfikii mama wa binti huyo, wala haikiondoi kirusi kilichokwisha kuingia. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, wanawake zaidi ya 10,000 nchini hupata saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 6,000 hufa.

Kipimo cha siki ni rahisi, ila humtaka mama aache shamba, apate nauli na amkute muuguzi aliyefunzwa. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha kirusi chenyewe, ambacho sampuli yake mwanamke aweza kujichukulia. Sampuli ipande bodaboda na basi hadi maabara ya Moshi. Mama abaki na shughuli zake. Wataniambia ni ghali. Ghali kuliko mionzi ya Ocean Road, Dar es Salaam, na miezi ya kulala kwa ndugu? Sharti langu ni moja: kituo cha afya kiwe na kifaa cha kuunguza vidonda vya awali, maana kumpa mtu majibu bila tiba ni kumtesa.

Halmashauri ya Mwanga ina mapato yake ya ndani. Katika bajeti ijayo natarajia kukuta kifungu cha kipimo hiki, idadi ya wanawake wa miaka 30 hadi 49 katika kila kata, Kwakoa ikiwemo, na siku ambazo majibu yatachukua kurudi.