Mheshimiwa Akipenda Mpira

Muhula uliopita, katika shule moja iliyo karibu na Malaba, wanafunzi wawili wa kidato cha tatu waligombana nusura wapigane. Sababu ya ugomvi ilikuwa fulana. Mmoja alikuwa amevaa fulana ya kijani ya Gor Mahia. Mwenzake, ambaye kwa miaka mingi ameishangilia timu iyo hiyo, alimwambia aivue, kwani yeye hawezi tena kuipenda timu ipendwayo na mwanasiasa asiyemtaka. Wa kwanza akajibu kwamba asiyempenda mwanasiasa yule hana haki ya kuipenda timu. Niliitwa kuamua. Nilitambua kuwa wote wawili wamekosa, lakini kengele ililia kabla sijapata maneno ya kuwaeleza. Haya ndiyo maneno niliyoyakosa siku ile.

Yasemwa mara nyingi kwamba siasa na michezo ni vitu mbalimbali, visichanganywe. Usemi huu ni mtamu, walakini katika nchi hii haujapata kuwa kweli. Abaluhya, timu iliyoundwa 1964, ilichukua jina la watu wake. Gor Mahia, iliyoundwa 1968, ilichukua jina la mganga mashuhuri wa Waluo, na Tom Mboya alikuwa miongoni mwa walioisaidia kusimama. Mwaka 1980, serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipokataza majina ya kikabila, Abaluhya ikageuka AFC Leopards. Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, alikuwa mlezi wa Gor Mahia kwa miaka mingi. Kumwambia mshabiki wa Kenya asione siasa uwanjani ni kumwambia mvuvi wa Sio Port asione maji. Siasa imo. Linalobaki ni kujua mshabiki aifanyeje.

Mimi nashikilia hivi. Mwanasiasa kuipenda timu fulani hakumwongezei kitu wala hakumpunguzii kitu mbele ya mshabiki mwenye akili. Lakini mwanasiasa atiapo mkono katika uwanja, au katika fedha, au katika uongozi wa mchezo, mshabiki ana wajibu wa kuuangalia mkono ule kama mwenye duka aangaliavyo mkono wa mtu aliyepita nyuma ya kaunta. Watu wengi hufanya kinyume. Mapenzi ya mkubwa huyapigia makofi au huyazomea. Mkono wake hawautazami hata mara moja.

Tuanze na mapenzi, maana hayo ni mepesi. Katika uchaguzi wa 2022 Raila Odinga na William Ruto walishindania urais wa Kenya, na kila mmoja wao alijulikana kuwa mshabiki wa Arsenal ya London. Rais Paul Kagame wa Rwanda naye ni mshabiki wa timu hiyo hiyo. Je, mshabiki wa Arsenal aliyekuwa amesimama katika foleni ya kupiga kura pale Busia angemchagua nani kwa kufuata timu yake? Fulana nyekundu isingemsaidia neno. Ilimpasa arudie yale yale ampasayo kila raia: bei ya unga, karo ya watoto, barabara, dawa hospitalini.

Lakini sisi wa mpakani tuna somo kubwa kuliko hilo, nalo liko ng'ambo tu ya kizuizi. Idi Amin hakuwa mwanasiasa wa kuvaa fulana siku ya fainali na kuivua kesho yake. Alikuwa mwanamichezo wa kweli. Alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda kwa karibu miaka tisa, tangu 1951, na alicheza raga pia. Alipoishika nchi kwa nguvu za jeshi, Januari 1971, michezo ya Uganda haikufa. Kwa macho ya mtazamaji ilistawi. John Akii-Bua alileta medali ya dhahabu kutoka Munich mwaka 1972, akivunja rekodi ya dunia katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Timu ya taifa ya mpira ilichukua Kombe la CECAFA mwaka 1973, kisha 1976 na 1977. Mwezi wa Machi 1978 ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Accra, ikashindwa na Ghana mabao mawili kwa bila. Baada ya siku hiyo Uganda haikuonekana tena katika mashindano hayo hadi 2017.

Sasa mshabiki wa Uganda wa miaka ile alipaswa kufanya nini? Alipaswa kumshukuru Amin kwa sababu timu ilishinda? Katika miaka iyo hiyo Waasia walifukuzwa nchini, mwaka 1972, wengi wao wakiwa na masanduku tu. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977. Na watu kwa maelfu walipotea wasirudi makwao. Waliookoka walivuka kuja upande huu. Mwaka 1976 Amin alidai hata sehemu za magharibi ya Kenya, yaani ardhi hii tuliyosimama juu yake wewe nami. Na Akii-Bua mwenyewe, shujaa aliyepewa sifa na barabara ya kuitwa kwa jina lake mjini Kampala, alikuwa Mlango, mtu wa kabila lililoteswa na utawala ule. Utawala ulipoanguka mwaka 1979 alivuka mpaka akaingia Kenya, na mtu yule mwenye medali ya dhahabu akajikuta katika kambi ya wakimbizi.

Naona yupo mwanafunzi atakayesema: basi kumbe ilifaa timu ile ya 1978 ichukiwe. La. Wachezaji wale walikimbia kwa miguu yao wenyewe na mabao waliyofunga yalikuwa yao. Kumpa mtawala ushindi wa timu ni kumpa kisichokuwa chake, na kuichukia timu kwa ajili ya mtawala ni kumpa kitu kile kile kwa mkono mwingine. Ndiyo maana niliwaambia hapo juu kwamba wale vijana wawili wa kidato cha tatu walikosa kosa moja. Mmoja alimpenda mtu kwa ajili ya fulana, mwingine aliitupa fulana kwa ajili ya mtu, na wote wawili wakakubali kwamba fulana ni mali ya mtu yule.

Waliberia walituonyesha kwamba jambo hili lawezekana. George Weah alikuwa mchezaji bora wa dunia mwaka 1995. Nchi yake ilimpenda, ikamchagua rais, na mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 51 na akiwa Ikulu, alivaa tena fulana nambari 14 akacheza dhidi ya Nigeria huku uwanja ukishangilia. Miaka mitano baadaye, mwaka 2023, watu wale wale walimwondoa kwa kura, naye akakubali kushindwa. Sidhani kuwa siku hiyo yuko Mliberia aliyesahau mabao yake.

Sasa nije kwenye mkono, na hapa nitakaa zaidi.

Karibu na kwetu, kabla ya uchaguzi mmoja, mgombea wa ubunge alianzisha mashindano ya mpira. Jina lake sitalitaja. Kila mtaa katika nchi hii una wake. Alileta mipira, fulana zenye picha ya uso wake kifuani, nyavu mpya za magoli, na ng'ombe dume wa kupewa washindi. Vijana walicheza kwa majuma matatu. Wenye bodaboda (neno hili lilizaliwa mpakani hapa hapa, kwa wale waliokuwa wakibeba watu kwa baiskeli kati ya vizuizi viwili) waliacha kazi alasiri wakaja kutazama. Uwanja ulijaa, na kila bao lilipofungwa jina lililoshangiliwa halikuwa la mfungaji. Mgombea akashindwa uchaguzi. Haikupita juma moja, wakaja watu wawili kuzikunja nyavu. Zilikuja kwa lori, zikaondoka kwa pikipiki. Fulana zilibaki, na hadi leo utamwona mtu akipalilia mahindi huku uso wa mgombea ukimtoka jasho kifuani.

Tulicheka sana wakati ule. Mimi pia nilicheka, na sasa naona haya kidogo, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali lililokuwa wazi: kwa nini uwanja ule haukuwa na nyavu kabla ya mgombea kuja? Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeziweka shughuli za michezo na viwanja vyake chini ya serikali za kaunti. Sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneobunge ya 2015 nayo imeruhusu sehemu ya fedha za mfuko huo itumike katika michezo. Maana yake ni kwamba mpira utupiwao na mbunge kutoka dirisha la gari lake, ukishangiliwa kama zawadi, huenda ulikwisha kununuliwa na mama yako anayeuza omena sokoni, kwa kodi aliyoitoa shilingi kwa shilingi. Mheshimiwa akitoa mfukoni mwake, na ashukuriwe kama ashukuriwavyo jirani yeyote mkarimu. Akitoa mfukoni mwetu, anayestahili shukrani ni nani? Na mshabiki atajuaje ni mfuko upi, asipouliza?

Nimepata kuambiwa na mwalimu mwenzangu, mtu ninayemheshimu, kwamba maswali haya ni ya watu walioshiba. Kijana wa kijijini, alisema, hana viatu vya kuchezea. Akiletewa jozi moja na mwanasiasa, wewe wataka aulize risiti? Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Ni kweli kwamba bila mashindano ya wagombea vijana wengi wa Teso na Samia wasingepata kucheza mbele ya umati hata siku moja. Kijana na avipokee viatu. Lakini viatu hudumu msimu mmoja, na uchaguzi huja kila baada ya miaka mitano. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wangu aliye mdogo kabisa aweza kuifanya, naye atakuta misimu minne ya kucheza pekupeku.

Na hasara yenyewe si ya viatu tu. Novemba 2021 Wizara ya Michezo ililivunja Shirikisho la Kandanda la Kenya, ikisema kuna matumizi mabaya ya fedha, ikaweka kamati ya muda. Februari 2022 FIFA, ambayo haikubali serikali kuingilia mashirikisho, iliifungia Kenya; kifungo kikaondolewa Novemba mwaka huo. Kati ya hapo timu ya taifa ya wanawake ilikuwa imebakiwa na hatua moja kufika Kombe la Mataifa ya Afrika la Wanawake, na mpinzani alikuwa Uganda. Mechi haikuchezwa. Kenya ilitoka mashindanoni, Uganda ikafuzu bila ya kutoa jasho. Wasichana waliofanya mazoezi mwaka mzima walikaa nyumbani kwa ugomvi wa watu wenye tai. Katika mabanda ya kutazamia mpira hapa mpakani nilisikia mabishano makali juu ya nani yuko upande wa waziri na nani yuko upande wa shirikisho. Sikumbuki kumsikia mtu akidai aonyeshwe daftari la fedha, ambalo ndilo lililokuwa chanzo cha yote.

Siku hizi mkono umepata mtindo mpya, nao ni ahadi ya fedha. Tanzania ilianza mwaka 2023, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipoahidi shilingi milioni 5 za Tanzania kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na watu wakaliita Goli la Mama. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN yaliyofanyika Kenya, Uganda na Tanzania, Rais Ruto aliahidi kila mchezaji wa Harambee Stars shilingi milioni 1 kwa kila ushindi. Wachezaji wanastahili malipo. Wengi wao hawana kingine. Lakini malipo yatokayo kinywani mwa mkubwa, siku ya mechi, yana tofauti na mshahara ulioandikwa katika mkataba. Mshahara mchezaji aweza kuudai mahakamani. Ahadi humfanya aishukuru, na mshabiki naye hushukuru pamoja naye, na hakuna akumbukaye kuuliza kwa nini mchezaji wa ligi yetu hungoja mshahara kwa miezi.

Mwaka 2027 Wakenya watapiga kura tena, na Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka huo limepewa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Wengi wenu msomao maneno haya mtakuwa mmetimiza miaka 18. Fulana zenye nyuso zitaletwa kwa malori, na nyavu pia.

Wale wanafunzi wawili sasa wamepatana. Wameandika barua kwa ofisi inayohusika, wakiuliza mambo matatu: uwanja wa mtaa wao umeandikishwa kwa jina la nani, ni fedha kiasi gani zilizotengwa kwa ajili yake mwaka huu, na ni nani aliyezipokea. Niliwasahihishia tahajia tu. Waliipeleka wenyewe siku ya Ijumaa, mmoja akiwa amevaa fulana ya kijani, wakapigiwa mhuri kwenye nakala yao. Sasa wanangoja jibu, na uwanjani mbuzi wanachunga katikati ya magoli.